Mahari Yangu Ilikuwa Breki

Wanawake wa upande wa bwana harusi walipoingia uani kwetu na sinia kichwani, vigelegele vilisikika mpaka sokoni. Sinia lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa maua pembeni, na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba aliyenilea tangu mama alipofariki, akakifunua taratibu kwa vidole viwili ili watu wote waone binti wao ametolewa mahari gani. Kitambaa kilikuwa kimenata. Chini yake kulikuwa na vyuma viwili vya mviringo, bapa, vinang'aa grisi, na pembeni yake vyuma vingine viwili vyenye maumbo yasiyoeleweka na mirija midogo ikining'inia. Vigelegele vikakatika katikati.

"Makubwa haya!" shangazi akasema, ingawa alijua tangu mwanzo kinakuja nini. "Ametuletea vifuniko vya masufuria."

Zilikuwa breki. Breki za diski za magurudumu ya mbele, zimetolewa kwenye gari dogo la spoti, na mwenye kuzitaka nilikuwa mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, nikiwa na akili zangu timamu. Mpaka leo nikipita Iringa hakosekani bibi mmoja wa kuniuliza kama mahari yangu bado inashika au imeisha lainingi. Huwa nawajibu kwamba dhahabu zao wameshaziuza zote, na mimi sijauza kitu.

Hayo yalikuwa miaka ya mwisho ya hamsini, bendera ya Mwingereza bado iko bomani. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa Iringa mjini. Babu yake alitoka pwani na misafara, akaiona baridi ya nyanda za juu akaipenda, jambo ambalo shangazi hakuwahi kumsamehe. Nyumba yetu ilikuwa na duka mbele na ua mpana nyuma, na uani ndipo yalipolala malori. Dirisha la chumba changu lilitazama huko. Wasichana wenzangu walikua wakisikia kinanda na taarabu kwenye santuri. Mimi nilikua nikisikia spana zikianguka kwenye saruji na fundi wetu, Mhehe wa Kilutheri, akiimba nyimbo za kanisani chini ya lori. Nilijua jina la kila chuma kabla sijajua kupika wali usiogandamana. Shangazi anasema wali sijaujua bado.

Kaka yangu, mtoto wa kwanza wa baba, ndiye aliyekuwa dereva wa lori letu kubwa. Alikufa kwenye mteremko wa Kitonga, akishuka na shehena ya viazi kwenda Morogoro. Breki zilimwacha. Lori lilipinda kona moja, likapinda ya pili, ya tatu likaenda moja kwa moja. Msibani kila aliyeingia alimshika baba mkono akamwambia, "Ajali haina kinga." Wanaume walisema, wanawake wakarudia, na mimi kila nilipoisikia nilitamani kumtupia mtu kitu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na kichwa changu kinasema: kinga ipo, inaitwa breki. Lakini binti hasemi hivyo mbele ya watu wazima, kwa hiyo nilinyamaza nikalia kama wengine.

Baba hakulia. Alimzika mwanawe, akaajiri dereva mwingine, akaendelea na biashara. Lakini tangu siku ile hakutia mguu wake njia ya Kitonga. Akiwa na shughuli Mbeya alikwenda. Akiwa na shughuli Morogoro alituma mtu. Na fundi alipoanza kufungua gurudumu ili akaze breki, baba aliingia ndani akajifanya anatafuta miwani. Hakuna aliyezungumza breki mbele yake. Hatukuambiana, tulijua tu.

Ndipo akaja huyu na kigari chake.

Marehemu mume wangu alikuwa mtoto wa nyumba moja ya biashara ya Mbeya, watu wa asili ya pwani kama sisi, wanaonunua mchele Usangu na vitunguu Ruaha Mbuyuni, chini ya mteremko wa Kitonga. Kazi yake ilikuwa kutangulia: anafika kwa wakulima, anapatana nao, lori la baba yake linafuata nyuma kubeba. Kwa kuwa hakubeba kitu ila maneno, alijiona ana haki ya kupanda gari lisilobeba kitu. Alilinunua kwa Mzungu mmoja wa machimbo ya Chunya aliyekuwa anarudi kwao, na alilipata kirahisi maana hakuna mwenye akili aliyelitaka: viti viwili tu, hakuna paa la maana, milango mifupi kiasi kwamba ukiwa umekaa ndani unaweza kuokota jiwe barabarani bila kufungua. Na yeye anakaa Mbeya, mji ambao mvua yake ikianza haijui kuaga.

Lilikuwa la rangi ya kijani iliyokolea. Jepesi mno. Siku ya kwanza lilipoingia uani kwetu, wapagazi wanne walilinyanyua nyuma wakaligeuza kwa mkono ili lipate nafasi kati ya malori, naye alisimama pembeni anacheka, nywele zimejaa vumbi jekundu la Makambako, miwani ya vumbi imemwachia duara mbili safi machoni. Nilimwona kutoka dirishani. Nikasema moyoni, hili jinga. Na nikarudi kuchungulia tena.

Akawa anapita kwetu kila aendapo Ruaha Mbuyuni na kila arudipo. Anakula na baba barazani, mimi napeleka kahawa mpaka kwenye pazia, shangazi anaipokea na kuingiza. Tulisemezana kwa pazia, maneno mawili matatu ya heshima, "Ahsante kwa kahawa," "Karibu," lakini pazia la nyumba yetu lilikuwa limechakaa na sote wawili tulikuwa na macho. Nilimpenda. Sioni sababu ya kuzungukazunguka, umri huu.

Siku moja alirudi kutoka Ruaha Mbuyuni na ubavu mzima wa kushoto wa gari umekwaruzwa mpaka bati. Barazani akamsimulia baba kwa kicheko. Alikuwa anashuka Kitonga jana yake, kwa mwendo wake, akagonga breki kona ya kwanza zikashika vizuri, ya pili zikashika kidogo, kisha akasikia harufu ya kuungua na pedali ikaenda mpaka chini bila kukutana na kitu. Akalibana gari kwenye ukingo wa mlima, likasuguana na udongo na mawe mpaka likasimama. "Limechubuka kidogo tu, mzee," akasema. "Kama mtoto aliyeanguka."

Baba aliinuka bila kumaliza kahawa yake, akaingia ndani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Mgeni alibaki peke yake barazani, hakuna wa kumchekea, na nikasikia kikombe chake kinagonga kisahani, kinagonga, kinagonga. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimeumwa hasa. Nilijua pale pale kwamba mtu huyu nitamtaka maisha yangu yote na kwamba mlima ule utanichukulia na huyu.

Asubuhi yake fundi alifungua magurudumu. Nilikaa dirishani na ushonaji ambao sikuushona.

"Kamwene, bwana," fundi akamsalimu kwa Kihehe. "Njoo uone mwenyewe." Akamwonyesha zile ngoma, yaani vyungu vya chuma vinavyozunguka na gurudumu, ambavyo ndani yake lainingi hutanuka na kusugua. Zilikuwa zimegeuka rangi kwa moto, samawati na zambarau kama shingo ya njiwa. Lainingi zilikuwa zimekauka, zinang'aa kama kioo.

"Nivalishe lainingi mpya," akasema.

"Naweza. Lainingi ninayo, ripiti za kuigongomea ninayo, mpaka jioni imekwisha. Hii gari yako nyepesi, ngoma inamtosha. Hata ukiharibikiwa huko Chimala, fundi yeyote anakutengenezea." Fundi akajifuta mikono. "Lakini ipo kitu nyingine. Kuna Mgiriki wa tumbaku, njia ya kwenda Idodi, ana gari kama hii, ndugu yake kabisa, ila mpya. Aligonga ng'ombe akabiringika, mwenyewe mzima, gari imekufa. Ile mbele hana ngoma. Ana sahani."

"Sahani?"

"Chuma bapa, kama sahani. Iko wazi, inapigwa upepo. Vipande viwili vinaibana huku na huku, kama unavyoshika chapati na vidole. Ikipata moto, moto unaondoka. Ikilowa, inajikausha."

"Basi kwa nini magari yote yasiwe nayo?"

"Ah! Sasa hapo." Fundi akacheka. "Ngoma imefunikwa, vumbi haliingii sana. Sahani iko uchi, na vumbi letu unalijua. Pedi yake, hivyo vipande vya kubana, ikiisha, mpaka itoke Ulaya kwa meli, na wewe unasubiri. Halafu inataka mguu wa nguvu, siyo kugusa tu. Mimi ngoma naijua toka ujana wangu. Sahani sijawahi kuifunga hata moja. Sitaki kukudanganya."

Yule bwana akapiga boneti kofi la mapenzi. "Ngoma. Gari limezaliwa na ngoma na litakufa na ngoma. Jepesi kama hili, linahitaji nini zaidi? Na sitaki kuvalisha gari langu vitu vya maiti."

Kila walilosema lilikuwa na maana, na mimi nikaligeuza kichwani siku nzima. Ni kweli vumbi. Ni kweli pedi zitachelewa. Lakini mimi nilikuwa mtu wa jikoni, nilijua chungu kilichofunikwa hakipoi. Kona za Kitonga hazikupi nafasi ya kufunua chungu upoe. Unakanyaga, unakanyaga tena, joto linaingia juu ya joto. Vumbi lingezila pedi. Joto lingemla yeye.

Haikupita muda barua ya posa ikaja kutoka Mbeya, imefungwa kwenye leso, pamoja na mshenga mzee mwenye koti refu aliyesema maneno mazuri mpaka shangazi akatoa leso yake mwenyewe. Baba akaridhia. Kisha shangazi akaingia chumbani kuniuliza mahari, kama sheria yetu inavyotaka, maana mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, si ya baba wala ya ukoo. Ni yake, na akishapewa hakuna wa kumnyang'anya, hata mume. Kwa desturi lakini mwali huulizwa kwa adabu tu. Yeye huinamisha kichwa, husema "mtakavyoona nyinyi wakubwa," na wakubwa hutaja bangili.

"Nataka breki," nikasema.

"Unataka nini?"

"Breki za diski. Za gari la yule Mgiriki wa njia ya Idodi. Azitoe, aniletee, ziwe zangu."

Shangazi alikaa kitandani. "Mwanangu, wenzako wanavaa mahari yao shingoni. Hizi utazivaa wapi?"

"Atazivaa yeye."

Alinitazama, kisha akaelewa, na uso ukambadilika. Alitoka akaenda kumwambia baba upande wa pili wa ukuta. Nilifikiri atakuja na fimbo, kwa binti yake kutaja vyuma mbele ya washenga. Sauti ya baba ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Mpelekeeni kama alivyosema."

Jibu la Mbeya lilirudi na mshenga yule yule, safari hii maneno hayakuwa mazuri. Bwana anasema anaoa mke, haoi fundi. Anasema gari lake ni mambo ya wanaume. Anasema yuko tayari kutoa bangili za dhahabu, pea nzito, na mkufu juu. Mshenga alijikohoza akaongeza kwamba vijana wa Mbeya wameanza kumcheka.

Nikamjibu kwa kupitia shangazi kwamba dhahabu haisimamishi gari.

Usidhani nilikuwa jasiri. Mshenga alipoondoka niliingia kitandani nikajifunika gubigubi nikalia. Mvua zilianza, barabara ya Mbeya ikawa tope, na kigari cha kijani hakikuonekana uani. Shangazi alinisihi niseme bangili. Mashoga zangu waliniambia nimechezea bahati, mwanaume hapangiwi. Mimi mwenyewe asubuhi niliamka nimeamua kusema bangili, na jioni nililala nikisema breki. Kumkosa kwa kiburi changu kungekuwa balaa. Kumpata kisha niletewe kwenye machela, hilo nilikuwa nimeshaliona likimpata wifi yangu, mke wa kaka, na sikulitaka.

Alikuja mwenyewe, bila mshenga, gari limepakwa tope mpaka viti. Baba alikuwa uani anahesabu magunia matupu. Nikasogea dirishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, nimekuja kuzungumza. Kwa heshima zote. Binti anaogopa, na ninajua kwa nini anaogopa. Lakini gari langu si lori. Halina shehena. Na mimi mwenyewe si mtu wa kubahatisha, naijua njia ile. Mtu akiwa dereva mzuri..."

Baba aliweka gunia chini. Ilikuwa miaka tangu nimsikie akigusa jambo lile, na hakupandisha sauti.

"Mwanangu alikuwa dereva mzuri kuliko wewe," akasema.

Basi. Akaokota gunia lake. Yule bwana alisimama pale na tope lake, mdomo umefunguka kidogo, na nikaona kicheko chote kimemtoka usoni na kilichobaki ni mtu mzima. Akasema, "Ndiyo, mzee." Akaingia garini. Hakushika njia ya kurudi Mbeya. Alipinda kushoto, njia ya Idodi.

Mgiriki alikubali kubadilishana na mchele wa Usangu, maana alikuwa na vibarua wa kulisha. Hivyo ndivyo breki zilivyofika kwenye sinia, chini ya kitambaa cha maua ambacho wakwe zangu hawakuweza kukitoa grisi maisha.

Nikah ilifungwa Ijumaa. Shehe alipotaja mahari mbele ya mashahidi alisita, akauliza kama amesikia vizuri, akatajiwa tena, akasema haya, kitu chenye thamani na halali, sheria haina ubishi. Wanaume walicheka msikiti mzima. Bwana harusi naye alicheka, na niliposimuliwa hilo lilinipa moyo.

Sasa, tulikuwa na fungate, siku ambazo bibi harusi hatakiwi kugusa hata ufagio. Lakini breki zikishafungwa lazima mafuta yake yatolewe hewa, na kazi ile haifanywi na mtu mmoja: mmoja anakanyaga pedali ndani, mwingine yuko chini ya gurudumu anafungua na kufunga nati. Fundi alimtaka mume wangu. Mimi nikatoka ndani na kanga zangu mbili mpya, nikasema breki ni za nani?

"Bibi harusi hafanyi kazi!" shangazi akapiga kelele kutoka jikoni.

"Sifanyi kazi. Natazama mali yangu."

Nikaingia kwenye kile kiti cha chini, mara yangu ya kwanza, miguu imechorwa hina na piko mpaka kwenye vifundo. Nikaweka mguu wangu wa maua kwenye pedali.

"Kanyaga," fundi akasema kutoka chini. "Shikilia. Shikilia, dada. Haya, achia."

Mwanzo ilikuwa laini, haina kitu ndani. Kanyaga, shikilia, achia. Kidogo kidogo nikaanza kuusikia ugumu unapanda kutoka chini kuja unyayoni, mpaka mwisho pedali ikagoma kabisa, imesimama kama nimekanyaga ardhi. Niliona raha ambayo siwezi kuieleza. Nilimwangalia mume wangu aliyekuwa ameegemea ukuta, nikamwambia, "Nimekuazima. Ukinikera nakuja na spana." Fundi alicheka chini ya gari mpaka akagonga kichwa.

Sisemi kwamba breki zile hazikututesa. Tulipohamia Mbeya vumbi la njia ya Chunya lilizila pedi kama panya anavyokula sabuni, na miezi mizima gari lilikaa juu ya mawe nyuma ya nyumba tukingoja kifurushi cha meli, mume wangu akilizunguka na kikombe cha chai akiniuliza kwa upole wa kuudhi kama mali yangu haijambo. Fundi alikuwa amesema kweli yote. Kila nilipotaka kuondoka kwa hasira nilimwambia abaki na gari, mimi naondoka na breki. Ndoa nyingi zingepona zikiwa na nati za kufungua. Mtu hasira zake huisha kabla hajafungua nati ya pili.

Lakini kabla hatujahamia, fungate lilipokwisha, safari ya kwanza ya vitunguu ilifika. Nilikuwa nimeshasema tangu awali kwamba breki zangu hazishuki Kitonga bila mimi. Asubuhi nikajifunga kanga kichwani, nikachukua kikapu cha mihogo ya kuchemsha, nikatoka uani. Baba alikuwa amesimama kando ya gari. Amevaa koti lake jeusi la Idi na kofia yake safi.

"Mwanangu," akasema, "nipishe leo."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, nikampa kikapu. Aliingia kwa taabu, magoti yakamfika karibu na kidevu, na kofia akaivua akaishika mapajani ili upepo usiichukue. Mume wangu alinitazama mara moja tu. Wakatoka nje ya lango wakashika mteremko wa kwenda Ipogolo, na mlio wa kigari ukasikika mpaka ng'ambo ya daraja la mto, halafu haukusikika.

Wanaume wawili niliokuwa nao duniani walikuwa kwenye kigari kile, na nilikuwa nimewaweka mwenyewe juu ya vyuma viwili ambavyo fundi alikiri hajawahi kufunga vingine. Fikra ile iliningoja mpaka nimebaki peke yangu ndipo ikanikamata. Nilipika wali ukaungua. Nikapika tena. Nikamwendea fundi uani nikamwuliza kama nati alizikaza, akasema amezikaza. Nikarudi nikamwuliza tena. Mara ya tatu alitoka chini ya lori akakaa na mimi kwenye gogo, na hakuimba. Shangazi alikuwa ndani na tasbihi. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikaadhiniwa, nikasali bila kujua nimesoma nini.

Mlio ulirudi jua likiwa limeshalala juu ya mapaa. Nilikimbia mpaka langoni, jambo ambalo bibi harusi hafanyi. Wote wawili walikuwa wekundu kwa vumbi. Mume wangu alishuka, akanigusa bega, akaenda kisimani kunawa na akakawia huko makusudi.

Baba alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani. Nikamletea maji. Alikunywa, akashika kikombe kitupu.

"Nilimwambia asimamishe pale," akasema. "Kona ya tatu. Katikati ya mteremko. Likasimama tuli."

"Pakoje, baba?"

"Pana majani tu. Nimemsomea Fatiha." Kisha akasema, akitazama malori, si mimi: "Asubuhi ile aliniambia breki zinalegea. Aliniambia, baba, tungoje kesho fundi azione. Nikamwambia ashuke na gia ndogo, viazi vitaoza."

Ndipo akalia. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata siku ya mazishi, na hakujua namna ya kulia. Kilikuwa kama kikohozi kinachokataa kuisha. Nilimkasirikia. Nilimkasirikia kwa moyo wangu wote, na wakati huo huo nilimhurumia, na sikujua lipi nilishike kwanza. Nikakaa chini kwenye kizingiti ubavuni pake, na piko zangu na kanga zangu mpya kwenye vumbi, nikamshika mkono.

Tulikaa mpaka Magharibi ikaadhiniwa. Alijifuta uso kwa kofia yake ya Idi.

"Mwambie mumeo," akasema, "akienda tena anichukue."

Alimchukua. Kila msimu wa vitunguu mume wangu alitoka Mbeya akapita Iringa, mimi nikashuka, baba akapanda, na wakaenda wakasimama pale kidogo, wakaendelea. Iliendelea hivyo mpaka magoti ya baba yakakataa kabisa kuingia kwenye kile kiti.